Koti Jekundu na Fimbo ya Mwami

Shule niliiacha darasa la tano, lakini serikali nimeendesha. Cheka ukitaka. Ilikuwa serikali ya watu kumi na wanane, gari tatu za kazi na bohari moja kule Aston, nyuma ya uwanja wa mpira, mahali ambapo siku ya mechi huwezi kutoa gari getini kwa wingi wa watu. Ilikuwa serikali ya usafi. Ofisi, maduka, nyumba za kulelea wazee, ngazi za maghorofa: ukiona vumbi mahali Birmingham miaka ile, ujue mimi sijafika bado.

Nilianza na ndoo moja na pasi ya basi. Wenzangu tuliokuja pamoja kutoka Kivu walikuwa wanaulizana kanisani nani atawaandikia barua za kuomba kazi. Mimi sikuandika barua. Nilibisha kwenye duka moja la nguo pale Stratford Road, nikamshika mkono mwenye duka, nikamtoa nje, nikamwonyesha dirisha lake mwenyewe. Kwa Kiingereza changu cha siku zile nikamwambia: "Dirisha chafu. Mimi safi." Alicheka mpaka akanipa kazi. Hicho ndicho cheti changu, na sijawahi kuona kingine kilicholisha watu wengi kama hicho.

Nayasema haya ili uelewe nilivyoumia binti yangu mkubwa alipoingia chuo kikuu akachagua historia. Mimi nilikuwa nimeshamwekea kiti cha uhasibu bohari, na taa yake juu ya meza.

"Historia!" nilimwambia. "Watu waliokufa ndio watakulipa mshahara?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama walivyo waliokulia hapa. Kiswahili wanakisikia vizuri sana, hasa ukiwasengenya, lakini kukitoa mdomoni ni kazi. Sikuelewa yote aliyosema, na nadhani ilikuwa heri.

Basi Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa jikoni tunakula bugali na sombe, majani ya muhogo, naye ameweka kitabu kinene kando ya sahani. Nikamwuliza kinasema nini. Nilitaka kumchokoza tu. Siku hiyo akajitahidi kwa Kiswahili, akikwama anarukia Kiingereza, nami namwandika kama nilivyomwelewa.

"Kinasema watumishi wa mfalme, Papa. Mfalme wa hapa, zamani, miaka mia tano au mia sita nyuma. Hakuwa na polisi. Hakuwa na jeshi la kudumu. Makarani alikuwa nao, lakini ni wachache. Sasa nchi nzima aliitawala vipi?"

"Kwa ukali."

"Kwa watu wa nyumbani mwake. Huyu anamshikia kikombe, huyu analinda mlango wa chumba anacholala, huyu anamvisha nguo. Siku moja mfalme anampa mmoja wao beji yake na kumwambia: nenda kwenu ukanitunzie ngome. Mwingine: nenda kaulize kwa nini kodi ya pale haijafika. Mwingine: kakae pale wanapohukumu kesi, uwe macho yangu. Akifika kule, watu hawamwoni tena mvisha nguo. Wanamwona mfalme."

Nikaacha kula. "Huyo ni babu yangu," nikasema.

"Papa, babu yako alikuwa Kivu."

"Na mfalme wako alikuwa wapi? Si kwenye vilima vyake na ng'ombe wake? Huyo ni babu yangu, nakwambia."

Kwetu milimani tuna mwami, ndiye mfalme wetu. Babu yangu aliingia kwake kama mtandika kitanda. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kutandika mikeka na ngozi, na kujua mwami amelala vizuri au vibaya. Lakini anayejua mwami amelala vipi anajua mambo mengi. Baada ya miaka akakabidhiwa fimbo. Ilikuwa ya mti mweusi, imeshikwashikwa mpaka imeng'aa, na ilikuwa ya mwami mwenyewe. Mwami hakutembea nayo. Fimbo ndiyo ilitembea kwa niaba yake. Ikiingia uani, waliokaa walisimama, hata kama aliyeishika alikuwa mtandika kitanda ambaye jana walimcheka miguu yake. Palikuwa na ugomvi wa malisho, fimbo ilikwenda. Palikuwa na mtama wa mwami uliochelewa, fimbo ilikwenda. Mwami alikaa kwake akanywa maziwa yake, na huku alikuwa vilima saba kwa siku moja.

Binti yangu aliandika mambo hayo pembeni ya daftari lake la chuo. Mimi sikuandika, mimi niliagiza makoti.

Nilichagua wekundu uliokoza, ule unaoonekana toka mwisho wa barabara, na jina la kampuni mgongoni na namba ya simu chini yake. Jumamosi asubuhi nikawakusanya watu wangu bohari, Wakongomani, Wakenya, Watanzania, kila mmoja na kikombe cha chai, nikapanda juu ya sanduku la sabuni.

"Kuanzia leo," nikasema, "anayevaa koti hili siyo mfagiaji. Ni mimi. Akifika mahali, nimefika. Mdomo wake ni mdomo wangu."

"Hata benki?" akauliza Mtanzania mmoja, fundi wa utani. "Nikienda nalo benki kesho watanipa?"

"Watakupa chumba cha kulala, na askari wa kukulinda."

Wakacheka. Ndipo akainua mkono msimamizi wangu wa upande wa kusini, yaani Moseley na Sparkhill. Alikuwa Mkenya, mama wa makamo, alikuja Uingereza kuhudumia wazee, akachoka kuinua watu, akaona afadhali ainue ndoo. Nilimchukua kwa sababu alikuwa hanyamazi. Sote tulimwita Mama.

"Boss," akasema, "na tukikosea je? Hapo pia ni wewe umekosea?"

Ungekuwa wewe, juu ya sanduku, macho yote yanakutazama, ungesema nini? Nilijigonga kifua. "Ni mimi!" nikasema. Wakapiga makofi mpaka bati zikaitika.

Na serikali ile ilifanya kazi, usidhani natia chumvi. Moseley kulikuwa na bibi kizee mwenye jumba la zamani, la vyumba vingi na vioo vya rangi, asiyemfungulia mtu mlango. Koti jekundu alilifungulia. Wenye maduka wa Stratford Road walituachia funguo bila kutaka kuniona sura. Ukimtuma msimamizi wangu akaseme neno kwa mteja msumbufu, neno lilifika likiwa na nguvu kuliko lilivyotoka kwangu. Mimi mwenyewe sikuvaa koti hata siku moja. Mwami habebi fimbo yake. Nilikaa Aston nanywa chai, na huku nilikuwa Sparkhill.

Ndipo nikapata lile jengo. Lilikuwa katikati ya jiji, ghorofa sita za vioo vitupu. Meneja wake nilimfuata zaidi ya mwaka, nikimpigia simu kama mtu anayeposa. Mwishoni akakubali: tuanze Ijumaa, watu kumi na wawili, siku ya kwanza iwe ndiyo mtihani. Tukishindwa, kampuni nyingine ilikuwa imeshakaa mlangoni inasubiri. Hakuna mtu wa kanisa letu aliyewahi kupata kazi kubwa vile. Nilishaanza kuwaaga wateja wadogo kwa sauti ya huruma.

Alhamisi, siku moja kabla, ukaja ule upepo.

Waliokuwa Birmingham wakati ule wanaukumbuka. Ilikuwa katikati ya kiangazi, mchana. Sisi Aston tuliona wingu jeusi na mvua nzito, basi, tukafunga madirisha. Mke wangu alikuwa bohari anapiga pasi makoti kumi na mawili ya kesho yake, na binti yangu, aliyekuwa likizo, alikaa kwenye kile kiti cha uhasibu anapokea simu. Simu ikalia.

"Papa," akasema, "kuna mtu anataka kukushukuru."

"Kwa nini?"

"Hajasema. Naona kama analia."

Nikashika simu. Alikuwa mwenye bucha mmoja wa Sparkhill, Mpakistani, simjui.

"Wewe ndiye mwenye makoti mekundu?" akaniuliza.

"Ndiye mimi," nikasema, kifua mbele.

"Mungu akuzidishie, ndugu yangu. Mama wako amesimama juu ya gari katikati ya mtaa akatutangazia sote. Kwamba umesema kesho asubuhi watu wako wote watakuja kuzoa vioo, kutoa miti na kufunika madirisha, bila malipo. Sisi hapa hatujui hata pa kuanzia. Mungu akuzidishie."

Nikaitikia amina kabla akili haijafika.

Msimamizi wangu aliingia baadaye kidogo, vigae vimemkwaruza mikono, majani ya mti yamemkwama kwenye nywele. Nilikuwa nimesimama mlangoni namngoja.

"Mama, umesema nini kule?"

"Boss, ngoja nikae kwanza."

"Usikae."

Akakaa. "Haukuwa upepo ule wa kawaida," akasema. "Ulikuja unazunguka. Mapaa yamekwenda. Sisemi vigae viwili vitatu, nasema paa lote. Mti umelala ndani ya sebule ya watu. Na wale watu wako barabarani, wengine miguu mitupu juu ya vioo, hawajui wamuulize nani. Wakaona koti. Wakaja kwangu, wote. Tufanye nini? Tuende wapi? Kama mimi ndio serikali, aki."

"Ungesema hujui!"

"Koti halikuniruhusu."

"Na kesho? Ghorofa sita? Watu kumi na wawili?"

"Nilikumbuka, Boss. Lakini nilikumbuka mdomo ukiwa umeshamaliza."

Nikaanza kutembea huku na huku. Nikamwambia arudi sasa hivi, akawaambie watu wale kwamba aliyesema ni yeye, siyo mimi. Hakubishana. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya pasi mbele ya mke wangu.

"Hiyo siwezi," akasema. "Mimi naishi mtaa wa pili kutoka pale. Watoto wangu wanasoma na wao. Ukitaka nikane, nitakwenda kukana nikiwa na blauzi yangu, na Jumatatu usinitafute. Lakini si ni wewe ulisema? Juu ya sanduku?"

Pasi ikawa inatoa moshi. Nikamgeukia binti yangu, msomi wa wafalme.

"Haya, wewe. Mfalme wako angefanya nini hapa?"

"Wengi wangemtupa," akasema. "Watu wakikasirika, mfalme anasema: sikujua, ni huyu mtumishi mbaya. Anamtoa kafara, yeye anabaki msafi. Wakati mwingine kichwa kinakatwa kabisa."

"Umeona?" nikamwambia msimamizi wangu. "Hata wafalme!"

"Ndiyo," binti yangu akaendelea, taratibu, "halafu anatuma mwingine na beji ileile. Na huyo wa pili watu wanamtazama tu dirishani, mlango hawafungui."

Mke wangu alikuwa bado ameshika pasi. Yeye si mtu wa maneno mengi; maneno ya nyumba yetu ninayatumia mimi. "Baba," akasema, "simulia ile ya babu yako na mvua ya mawe."

"Sasa si wakati wake."

"Kila harusi unaisimulia. Watu wameshiba, wanatafuta viatu vyao waende, unaisimulia. Leo ndiyo si wakati wake?"

Msimamizi wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaisimulia, nimesimama vilevile, bila ladha.

Babu yangu alitumwa na fimbo kwenda kilima cha mbali kuchukua mtama wa mwami. Alipofika akakuta mvua ya mawe imepita wiki ile. Mashamba yamelala chini, wanawake wanaokota punje moja moja kwenye matope. Wakaiona fimbo, wakasimama, wakaanza kuleta hizo punje. Babu akaichomeka fimbo ardhini akasema: "Mwami anasema, msimu huu kuleni wenyewe." Mwami hakuwa amesema kitu kama hicho. Mwami alikuwa amesema leta mtama. Babu akarudi mikono mitupu, na njiani, alisema, hata ndege walikuwa wanamuaga buriani.

Wakuu wote walikuwa uani. Mwami akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza neno moja: "Ulipotamka hayo, fimbo ilikuwa mkononi mwako?"

"Ilikuwepo, mkuu wangu."

"Basi nilisema mimi," mwami akasema, na wakuu wakapiga makofi ya heshima, mambo yakaisha.

Lakini usiku haukuingia kabla mwami hajamwita ndani, pale pale kwenye mikeka aliyokuwa akiitandika. Wakawa wawili tu. Mwami akamwambia: "Sasa nieleze. Kwa nini nilisema vile?"

Nilipofika hapo sikuongeza kitu. Harusini watu hucheka mahali hapo. Bohari hakucheka mtu.

Nikalichukua lile koti mezani nikampa msimamizi wangu. "Vaa," nikasema. "Kesho chukua watu wote. Wote, na gari zote tatu. Nilisema nitakuja, nitakuja."

"Na ghorofa sita?"

"Hizo niachie mimi. Umesahau nilianza na ndoo ngapi?"

Asubuhi ya Ijumaa nilivaa koti jekundu kwa mara ya kwanza. Lilinibana mabegani, kwa sababu niliagiza ya watu wanaofanya kazi, siyo ya watu wanaokunywa chai. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, binti yangu, na akina mama watatu wa kwaya ya kanisa ambao mke wangu alikuwa amewaamsha kwa simu na kuwaahidi kwamba jengo lina lifti. Kila mtu na ghorofa yake. Akina mama wa kwaya walianza kuimba, sauti zikawa zinapanda na kushuka kwenye ngazi za vioo, na mimi kwenye ghorofa ya tatu napiga deki kama mtu anayefukuza nyoka. Nakwambia mkono hausahau. Miaka yote ile ya kukaa, na bado nilikuwa naweza kuwafundisha vijana.

Meneja niliyepatana naye alikuwa amekwenda likizo. Akaja naibu wake, mwanamke mrefu mwenye funguo shingoni, hajaniona maishani. Akatembea, akahesabu watu kwa macho, akanijia.

"Mwenye kampuni yuko wapi?"

Mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema, na jibu nilikuwa nalo, kubwa, tayari. Lakini nilikuwa na tambara la deki mkononi na koti la wafagiaji mwilini, na nikaona nikisema "ni mimi" ataniona mwongo, au ataniona mwenye kampuni ambayo haina watu. Nikalitazama koti.

"Amenituma mimi," nikasema.

"Aliahidi watu kumi na wawili."

"Aliahidi, mama. Na jana aliwaahidi na watu wa Sparkhill walioezuliwa mapaa. Ahadi zote mbili ni zake. Anasema hivi: watu ni nusu, kazi ni nzima. Saa sita upite na kidole chako. Ukikuta vumbi, tufukuze sote, na yeye usimpokee simu."

"Bosi wako anakuamini sana, kukutuma useme maneno hayo."

"Hana jinsi," nikajibu.

Sijui kama umewahi kujitetea wewe mwenyewe ukiwa mtu mwingine. Ni raha ya ajabu. Nilimsifu mwenye kampuni yule mbele ya mwanamke yule kuliko nilivyowahi kujisifu, na haikuwa majivuno, ilikuwa utumishi. Ndipo nikamwelewa babu yangu, kwa nini alitembea wima hivyo na fimbo ambayo siyo yake.

Saa sita akapita na kidole. Ghorofa ya kwanza safi. Ya pili safi, mke wangu alikuwa amepangusa mpaka majani ya maua. Akamaliza zote sita, akarudi kwangu akininyooshea kidole chenye vumbi.

"Mwambie bosi wako: ghorofa ya tatu, nyuma ya mashine ya kahawa."

Ghorofa ya tatu ilikuwa yangu. Nikamwambia bosi wangu, na nilimwambia kwa maneno makali, kimoyomoyo, kwa Kiswahili cha Kivu. Kisha nikachukua kitambaa nikarudi, nikaisogeza ile mashine kutoka ukutani, ambayo nadhani haikuwahi kusogezwa tangu ifike. Mwanamke yule alisimama nyuma yangu anatazama mpaka nikamaliza.

"Jumatatu alete watu kumi na wawili," akasema. "Na akiwa na neno, akutume wewe."

Kazi ya jengo lile nilikaa nayo miaka. Nasema bila haya yoyote.

Alasiri nikawashusha akina mama kanisani nikaenda Sparkhill. Mabasi yalikuwa yamesimama Stratford Road, na mdomoni mwa mtaa ule palikuwa na utepe wa polisi. Wenye magari walikuwa wanapiga honi na kurudishwa. Askari akaliona koti langu, hakuniuliza jina wala cheo, akauinua utepe nikapita chini yake kama kuku anayeingia bandani. Mimi niliyepanga foleni ofisi za uhamiaji mpaka viatu vikaisha.

Huko ndani nilikuta serikali yangu. Watu wangu kumi na wanane, wekundu toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Walikuwa wamefagia vioo wakavilundika pembeni, wamekatakata matawi, wametoa mazulia yaliyolowa wakayaanika kwenye kuta za bustani. Madirisha yalikuwa yamefunikwa nailoni. Yule Mtanzania wa utani alikuwa amebeba godoro kichwani huku anamfundisha mzee mmoja kusema "polepole". Mwenye bucha alikuwa amewasha jiko la mkaa barabarani, nyama inaiva kwa ajili ya watu wote.

Nikapita katikati nikitegemea kutambuliwa. Bibi mmoja mwenye shela akanikimbilia na kikombe cha chai ya maziwa.

"Umechelewa wewe," akaniambia kwa Kiingereza. "Wenzako wako hapa tangu asubuhi. Wewe nawe ni mtu wa Mama?"

Nilitazama koti langu, nikatazama mtaa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, nikalimeza na chai. "Ndiyo," nikasema. "Mimi ni mtu wa Mama." Chai ile ilikuwa na hiliki.

Msimamizi wangu nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa, miguu ameinyoosha, anakula sambusa. Aliponiona akataka kusimama.

"Kaa," nikamwambia, nikakaa kando yake.

"Boss, umevaa koti."

"Limenibana."

"Na ghorofa sita?"

"Jumatatu wanatutaka tena."

Alifumba macho kidogo, midomo ikamcheza, kisha akaendelea na sambusa yake. Watu walikuwa wamemiminika kwa mwenye bucha, kwa hiyo upande ule tulibaki peke yetu. Nikashusha sauti.

"Mbele ya watu nilisema mimi, na hayo yamekwisha. Sasa tuko wawili, Mama. Nieleze. Kwa nini nilisema vile?"

Alicheka, maana hadithi ile aliijua kwa moyo. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha kwa kidole nyumba iliyokuwa mbele yetu, ukuta kwa ukuta na nyumba za jirani, yenyewe haina paa.

"Pale juu," akasema, "kulikuwa na watoto wawili kitandani jana, wamejifunika blanketi, wanatazama mbingu. Chumbani mwao wenyewe. Mama yao alikuwa hapa chini anawaita na hawataki kushuka. Wanamwuliza, nani ataturudishia dari? Akanigeukia. Na wewe ulikuwa umesimama pale, Boss, mwekundu mzima. Ungenyamaza?"

Nilitazama juu. Watu wangu wawili walikuwa madirishani wanafunga nailoni ya buluu juu ya chumba kile, wanavutana kamba na kutukanana kwa Kiswahili cha Kongo na cha Kenya, na katikati yao vichwa viwili vidogo vilikuwa vinatoa maelekezo.

"Basi nilisema vizuri," nikamwambia, nikachukua sambusa iliyobaki.